Siku za Mgonjwa katika Hesabu ya Deni

Waswahili husema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Neno hili ni la kweli, wala hatuna nia ya kulipinga. Lakini halituambii lolote juu ya mdeni ambaye siku ya kulipa imemkuta naye mwenyewe yumo katika kutafuta dawa, amelala juu ya kitanda cha hospitali, au ameketi kando ya kitanda cha mtoto wake akimwuguza. Mtu huyo hakukataa kulipa, wala hakutoroka. Mikono yake ndiyo iliyosimama, na fedha zikasimama pamoja nayo. Ila hesabu ya deni haikusimama. Kwa habari ya jambo hili twataka kusimulia mambo ya Buha, yaani nchi ya Kasulu na Kibondo, pamoja na Buhigwe na Kakonko zilizokatwa katika wilaya hizo mbili mwaka 2012, tangu siku za mababu mpaka siku hizi za mikopo ambayo watu wameipa jina la kutisha, kausha damu.

Wengi hudhani kwamba deni ni deni, jana na leo. Sisi tukiitazama historia ya nchi hii twaona sivyo. Kila namna ya deni ina kalenda yake ndani yake. Liko deni lisilojua tarehe. Liko lijualo mwaka. Liko lijualo juma. Na siku hizi liko lijualo saa. Kadiri kalenda ilivyozidi kuwa fupi, ndivyo mgonjwa alivyozidi kukosa nafasi ndani yake.

Zamani zile, kabla fedha haijaingia, mali ya Buha ilikuwa ng'ombe, majembe ya chuma na chumvi ya Uvinza. Mtu asiye na ng'ombe, aliyetaka maziwa kwa watoto wake na samadi kwa migomba yake, alikwenda kwa mwenye ng'ombe, ambaye mara nyingi alikuwa Mtutsi au mtu wa ukoo wa mwami. Alipeleka pombe, akajiweka chini yake, naye tajiri akipendezwa alimpa ng'ombe wa kufuga. Desturi hii iliitwa ubugabire. Ng'ombe alihesabiwa bado kuwa wa yule aliyemtoa. Mpokeaji alimchunga, akanywa maziwa, akatumia samadi, naye alipaswa kumtumikia tajiri wake kwa kumlimia, kumjengea na kumpelekea pombe.

Msomaji asidhani kwamba twaisifu desturi hiyo. Ilikuwa kifungo. Mtoto aliweza kukirithi kutoka kwa baba yake, na tajiri akikasirika aliweza kumtwaa ng'ombe wake, maziwa yakakoma nyumbani. Hata hivyo tuitazame hesabu yake. Haikuwa na tarehe. Hakuna aliyesema, siku ya kumi usipoleta kitu, deni litaongezeka. Lililoongezeka ni ng'ombe mwenyewe, kwa ndama. Mpokeaji alipougua, jembe lake lilikaa chini, na labda mkewe au ndugu yake alikwenda mahali pake. Lakini ugonjwa wake haukuzaa deni jingine. Tena tajiri alikaa kilima kile kile. Alisikia kwa masikio yake kama nyumba ile ina mgonjwa au ina mvivu, naye hakuhitaji cheti cha mganga.

Liko na jambo la pili katika ubugabire ambalo ni la kushangaza kwa watu wa siku hizi. Katika miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika ya Mashariki ikawaua ng'ombe kwa wingi usioneneka. Ng'ombe alipokufa, kitu chenyewe kilichokopeshwa kilikufa. Tajiri alipoteza mali, na mpokeaji alipoteza maziwa. Wote wawili walilia siku moja. Deni la fedha haliwezi kufa hivyo. Ukikopa shilingi ukanunua mbuzi, na mbuzi akafa, shilingi hazikufa.

Huko chini ziwani, katika mji wa Ujiji, mambo yalikuwa mengine tangu kale. Waarabu na Waswahili waliofika huko walichukua nguo na shanga na bunduki walizokopeshwa na matajiri wa Kihindi wa pwani, kama Taria Topan wa Unguja aliyemkopesha Tippu Tip, na Sewa Haji wa Bagamoyo. Mali hiyo ilikwenda bara, ikarudi kuwa pembe za ndovu baada ya mwaka mmoja au zaidi. Kwa kuwa dini ya Kiislamu hukataza riba, mara nyingi nyongeza ilifichwa ndani ya bei: nguo ya mkopo ilikuwa ghali kuliko nguo ya kulipwa papo hapo. Mwenye msafara akishikwa na homa njiani, akalala miezi, pembe zilichelewa naye, na mdai wake pwani hakuwa na njia ya kujua kama mtu ni mgonjwa au amekimbia. Hapo twauona umbali ukiingia kati ya mdai na mdeni, na umbali ni ndugu ya kutoaminiana. Katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki mtu aliyeshindwa kulipa aliweza hata kumweka mtoto au ndugu yake kuwa rehani, na rehani wa namna hiyo wengine hawakurudi kwao.

Wadachi walijenga boma lao Ujiji mwaka 1896, na tangu 1898 amri ya kodi ya nyumba ikaanza kutumika katika nchi yao yote, kidogo kidogo kutoka pwani kwenda bara. Kodi ni deni la namna ya ajabu, kwa maana mtu hakuliomba, wala hakupewa ng'ombe wala nguo. Aliamka asubuhi akajikuta ni mdeni. Kwa deni hili kalenda iliingia katika nyumba za Buha kwa mara ya kwanza. Mwaka ukizunguka, karani hufika. Wabelgiji walioitawala nchi hii tangu 1916 mpaka 1921 hawakuiondoa kodi, nao Waingereza waliokuja baada yao waliitungia sheria mpya mwaka 1922, sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa. Wazee sana na vilema waliweza kusamehewa. Lakini msamaha huo ulimfaa zaidi yule ambaye hataamka tena kuliko mtu aliyelala miezi mitatu kisha akaamka. Huyu wa pili alikuwa mzima siku karani alipofika, ila shamba lake lilikuwa majani matupu.

Basi fedha ya kodi ipatikane wapi? Reli ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, nayo ilielekea mashariki. Wakati wa Waingereza maelfu ya vijana wa Buha walishuka Kigoma, wakapanda gari moshi kwenda mashamba ya katani ya Morogoro na Tanga. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba yake. Wengine walikwenda wenyewe. Wengine waliandikwa na mawakala, na tangu mwaka 1944 waliandikwa na ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa SILABU. Mara nyingi aliyeandikwa alikuwa mdeni kabla hajaona hata jani moja la mkonge, maana kodi yake ililipwa kwanza na mwandikaji, ili ikatwe baadaye katika mshahara.

Hapa imetupasa kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo siku za mgonjwa zilipoanza kuhesabiwa kwa kalamu. Huko mashambani kulikuwa na kadi iliyoitwa kipande. Ilikuwa na nafasi 30, moja kwa kila siku ya kazi. Mtu akimaliza kazi yake ya siku, alama hutiwa. Nafasi zote 30 zikijaa, mshahara hulipwa. Neno la kushika ni hili: kipande hakikuhesabu siku za mwezi, bali siku za kazi. Siku ya homa haikuwa siku. Mtu aliyelala majuma mawili, hata kama alipewa dawa, hakuandikiwa kitu. Alipoamka alikuta kadi yake palepale alipoiacha, kana kwamba dunia yote ilisimama kumngoja. Lakini njaa ya nyumbani na kodi ya mwaka ujao hazikusimama.

Mkataba nao ulihesabiwa kwa vipande. Tuseme mtu aliandikwa kwa vipande sita. Kwa karatasi ilionekana ni kazi ya nusu mwaka na kitu. Lakini yeye ni mtu wa milimani, ambako mbu ni wachache na hewa ni baridi, naye ametupwa katika nchi ya joto ya Tanga ambako malaria ni ya kila siku. Tena miba ya mkonge humchoma miguu, na vidonda vyake havikauki upesi. Kila homa na kila kidonda vilimsogezea mbali siku ya kurudi. Kuondoka kabla ya mkataba kwisha kulikuwa kosa la kuadhibiwa kwa sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923. Kwa hiyo mgonjwa wa kipande hakutozwa riba ya fedha. Alitozwa riba ya siku, naye aliilipa mbali na kwao. Wake waliobaki Buha walihesabu miezi kwa mwezi wa mbinguni, waume zao walihesabu kwa kadi, na hesabu hizo mbili hazikupatana. Twaona kwamba watu wanaposimulia habari za manamba husema sana juu ya ukali wa manyapara na uzito wa kazi, na ni sawa. Lakini kadi ile ndogo ya nafasi 30 nayo yastahili kukumbukwa.

Wakati vijana walipokuwa mashambani, nyumbani kulikuwa na adui mwingine. Huyu alikuwa malale. Wadachi walikuwa wamefungua kambi za wagonjwa wa malale pwani ya Ziwa Tanganyika katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, wakawapiga watu sindano za atoksili, dawa ambayo ndani yake mna sumu, hata wengine walitoka kambini hai lakini vipofu. Baadaye malale ya namna nyingine, ile iuayo upesi, ilitambuliwa Maswa mwaka 1922, ikaenea katika nchi za magharibi. Daktari George Maclean, aliyewekwa na serikali ya Waingereza juu ya kazi ya malale, alishika shauri la kuwakusanya watu, kwa kuwa mbung'o hapendi mahali palipofyekwa na kulimwa na watu wengi. Tangu 1933 shauri hilo likatimizwa Buha. Watu waliokaa wametawanyika katika miombo walihamishwa, wakapangiwa makazi makubwa, na vijiji kadhaa vya Kibondo na Kasulu vya leo vina asili yake humo.

Kuhamishwa huko kuliokoa maisha ya wengi, nasi hatuwezi kukana. Lakini kulivunja madeni ya kale kwa namna ambayo hakuna aliyeikusudia. Tajiri wa ng'ombe hakukaa tena kilima kimoja na mtu wake. Aliyekuwa anamdai jirani jembe moja au mbuzi wa mahari sasa alimdai mtu aliyeko mwendo wa siku mbili. Na mgonjwa mwenyewe, akigunduliwa, ilimpasa kudungwa sindano juma baada ya juma, kwanza ya dawa iliyoitwa Bayer 205, na ikiwa ugonjwa umefika kichwani, ya ile iitwayo tripasamide. Katika majuma hayo mvua za kupandia hazikumngoja.

Tena malale ni ugonjwa wenye fitina. Mwanzoni hufanana na uvivu. Mtu husinzia mchana, husahau, hukasirika bila sababu, huacha jembe shambani. Mdai amwonapo husema, huyu anajifanya. Si mara moja tu katika historia ya madeni mgonjwa alipohesabiwa kuwa mvivu mpaka siku ya mazishi yake.

Mtu atauliza: je, serikali haikuona hatari ya mikopo? Iliiona. Mwaka 1923 ilitunga sheria ya kuzuia kuwakopesha wenyeji. Asiye mwenyeji akimkopesha mwenyeji hakuweza kumdai mahakamani, isipokuwa mapatano yao yameandikwa na kukubaliwa na ofisa wa serikali. Sheria hiyo iliwakinga wengi wasinyang'anywe mali zao kwa hukumu. Lakini baba atakaye shilingi chache leo jioni kwa ajili ya mtoto mwenye homa hawezi kumngoja bwana shauri arudi kutoka safari. Mkopo haukufa kwa sheria, uliingia gizani. Uliingia katika daftari la dukani, katika blanketi lililowekwa rehani, katika mazao yaliyouzwa yangali mabichi shambani kwa bei ya kuonea. Na gizani hakuna ajuaye riba ni ngapi. Sheria hiyo haipo tena, lakini tabia ya mkopo wa gizani haikuondoka pamoja nayo.

Watu wasidhani kwamba mashaka haya ni ya Afrika peke yake. Ujerumani, katika vilima vya Westerwald, wakulima wadogo wa karne ya 19 walikuwa na hali ambayo mtu wa Buha angeitambua mara moja. Wafanya biashara wa mifugo waliwapa ng'ombe kwa mkopo. Mkulima alimlisha, akamtunza, kisha fedha zikichelewa, ng'ombe alitwaliwa, na kazi yote ya mkulima ikaenda naye. Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyekuwa mkuu wa serikali ya vijiji huko, alianzisha chama Flammersfeld mwaka 1849 cha kuwanunulia wakulima maskini mifugo ili watoke mikononi mwa watu hao, na mwaka 1864 akaanzisha Heddesdorf chama cha kukopeshana ambacho wanachama wake wenyewe walidhaminiana. Mwaka uliofuata, 1865, ilimlazimu aache kazi ya serikali kwa sababu afya yake ilikuwa mbaya na macho yake yamepungua nguvu sana. Kwa hiyo alijua kwa nafsi yake maana ya ugonjwa kumtoa mtu katika mshahara. Vyama vya akiba na mikopo ambavyo Tanzania huviita SACCOS vina asili yao katika kazi yake.

Tuje sasa katika siku zetu. Fedha imeingia kila nyumba ya Kasulu na Kibondo. Ada, sare, mbolea, nauli, simu, vyote vyataka shilingi, na shilingi za mkulima huja mara moja au mbili kwa mwaka, wakati wa kuuza mahindi au maharage. Katikati ya misimu hiyo kuna pengo, na katika pengo hilo amesimama mkopeshaji wa kausha damu. Hana maneno mengi. Haulizi hati ya shamba. Hutaka simu, godoro, pikipiki, au kwa mwalimu hutaka kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri, na fedha hutolewa siku ile ile. Kwa upesi huo lazima tumtendee haki: benki haimjibu mama wa sokoni kwa saa moja, naye humjibu.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mwanamke auzaye maharage na dagaa amekopa shilingi 200,000 kwa mwezi mmoja, kwa riba ya asilimia 20. Atarudisha shilingi 240,000, yaani marejesho manne ya shilingi 60,000, moja kila juma. Faini ya kuchelewa ni shilingi 5,000 kwa siku. Juma la kwanza alilipa. Siku ya rejesho la pili mtoto wake alianguka mtini akavunjika mguu vibaya, akapelekwa Kigoma, hospitali ya mkoa ya Maweni, na kutoka huko huenda akapelekwa Bugando, Mwanza. Mama alikuwa naye siku 21. Aliporudi, marejesho matatu yalikuwa yamepita, shilingi 180,000, na faini za siku 21 ni shilingi 105,000. Jumla ni 285,000. Amekwisha kulipa 60,000, na bado anadaiwa zaidi ya zile alizokopa. Hakuna aliyemwibia, kila hesabu iliandikwa, naye alitia dole gumba. Wazee walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa matanga yalianza kabla ya harusi kwisha.

Katika mfano huu liko jambo moja ambalo daftari la mkopeshaji halina mahali pa kuliandika. Aliyeugua si mdeni. Katika hospitali zetu mgonjwa haendi peke yake. Lazima awe na mwuguzaji wa kumpikia, kumfulia, kumgeuza kitandani na kufuata dawa. Kwa hiyo ugonjwa mmoja husimamisha mikono ya watu wawili, na kama ni mama aliyekwenda, basi na wale watoto waliobaki nyumbani humtegemea bibi yao, naye bibi huacha shamba lake. Daftari lina jina moja tu na tarehe. Bima nayo, kwa wale waliojiunga, hufanya kazi yake upande wake: mfuko wa afya ya jamii ulioboreshwa mwaka 2018 ulitoza kaya ya watu sita shilingi 30,000 kwa mwaka, na mwaka 2023 sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa. Hiyo hulipa matibabu. Hailipi rejesho la Jumatano, wala kibanda cha soko kilichofungwa majuma matatu.

Na pale ambapo mkopo umetolewa kwa kundi la watu watano au kumi wanaodhaminiana, rejesho la aliyelazwa huwa mzigo wa wenzake. Wenzake hao ni wauza nyanya na wauza vitenge wenye madeni yao wenyewe. Ndipo mtu huona jambo la kuhuzunisha, majirani wakisafiri kwenda kumtazama mgonjwa, na baada ya kumpa pole wakamwuliza habari za fedha. Si kwamba wana mioyo migumu. Nao wana tarehe.

Serikali ya Tanzania ilitunga sheria ya huduma ndogo za fedha mwaka 2018, na kwa kanuni za mwaka 2019 Benki Kuu iliweka kikomo cha riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wenye leseni wasiopokea amana. Kwa shilingi 200,000 hiyo ni shilingi 7,000 kwa mwezi, si 40,000. Tofauti hiyo ni kubwa, na kila mwanakijiji ajuaye kusoma yafaa aishike, kwa maana mkopeshaji asiye na leseni hawezi kuonyesha karatasi yake akiulizwa. Mwaka 2024, mwezi wa Novemba, Benki Kuu iliyataja majukwaa 69 ya kukopesha kwa njia ya simu ambayo hayakuwa na ruhusa. Baadhi ya wakopeshaji wa namna hiyo, mtu akichelewa, waliwapelekea ujumbe watu wote ambao namba zao zimo katika simu yake, mpaka mchungaji na shemeji. Mtu aliyeko hospitali husikia aibu yake imefika kijijini kabla yeye mwenyewe hajafika. Iko pia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, itokayo katika asilimia 10 ya mapato yake, nne za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024.

Lakini kiwango cha riba ni jambo moja, na siku za mgonjwa ni jambo la pili. Mkopo wa asilimia 3.5 nao una tarehe.

Kati ya namna zote za mkopo zilizoko vijijini sasa, ile iliyokaribia kuzihesabu siku za mgonjwa ni ile ya vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo watu huviita VICOBA au hisa. Mfano wake ulitoka mbali, katika nchi ya Niger, ambako mwaka 1991 wanawake wa vijijini walipangwa katika vikundi vya kuweka akiba yao wenyewe. Ukafika Unguja, kisha ukaenea bara. Wanachama hukutana kila juma, hununua hisa, na mara nyingi mtu huruhusiwa kukopa hadi mara tatu ya hisa zake. Riba ipo, lakini haiendi mjini. Mwisho wa mzunguko hurudi kwa wale wale walioilipa. Kando ya fedha za hisa kuna fedha nyingine ndogo, mfuko wa jamii, ambayo kila mmoja huchangia kila mkutano, na hiyo hutolewa kwa ajili ya ugonjwa na msiba.

Mwanachama akilazwa, kikundi hakihitaji kupigiwa simu. Wanakaa naye kilima kimoja, wamemwona akibebwa. Kwanza hupelekewa fedha za mfuko wa jamii. Kisha habari ya mkopo wake huletwa mkutanoni, na hapo hubishaniwa kwa sauti, wala si kila kikundi huamua sawasawa. Vingine humwongezea muda bila faini. Vingine hutaka angalau riba iletwe na mtu wa nyumbani kwake. Vingine vina katiba iliyonyamaza kabisa juu ya jambo hili, na hapo ndipo ugomvi huwa mkubwa, kwa kuwa kila mtu hukumbuka kilichofanyika mwaka juzi kwa namna yake. Ugonjwa wa majuma matatu hupita. Ugonjwa wa miezi minane ni shauri jingine, maana mwisho wa mzunguko sanduku lazima lifunguliwe na fedha zote zigawanywe. Walinzi watatu huja kila mmoja na ufunguo wake, kufuli tatu hufunguliwa mbele ya wote, na deni la mgonjwa hukatwa katika hisa zake. Zikipungua, wadhamini wake wawili hulipa kilichobaki siku hiyo hiyo, nao hubaki wakimdai yeye, nje ya sanduku, bila tarehe.